Barua pepe ya kikundi chenu inakaa kwa nani?

Wacha nikuulize swali moja kabla hujaendelea na shughuli zako. Hiyo anwani ya barua pepe mliyochapisha kwenye kadi za kikundi, kwenye bango la duka, hata ubavuni mwa pikapu, ni yenu au mmeazimwa?

Jibu nalijua. Mliifungua bure siku moja kwa simu ya mtu mmoja. Huyo mtu alikuwa katibu. Nenosiri liko kichwani mwake na namba ya kurejesha akaunti ni laini yake. Siku akikosana nanyi, au laini ikifa, au kampuni ikiona akaunti yenu inatia shaka, mchezo umeisha. Hakuna dirisha la kugonga. Hakuna ofisi Kitui wala Wote ya kwenda kupiga foleni.

Sibahatishi. Haya nimeyaona, na sehemu ya lawama ni yangu.

Mimi ni mtoto wa Wote ninayeishi Kitui mjini. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo nakula kwa kurekebisha vitu vya watu: lapi, printa, rauta, tovuti. Mwaka jana kikundi cha akina mama wanaosuka vyondo upande wa Mutomo kikanipigia simu. Akaunti yao ya barua pepe ilikuwa imefungwa. Laini ya kuirejesha ilikuwa ya katibu wa zamani, aliyeolewa Kibwezi akaiacha laini ikafa. Miaka 7 ya barua za wateja, bei, vipimo na picha za rangi, zote ziko ndani. Tulijaza fomu ya maombi mara nne. Mara nne tukajibiwa na mashine kwamba haiwezi kuthibitisha sisi ni nani.

Mama mwenyekiti akaniambia, "Kijana wetu, si utufungulie yetu wenyewe? Kama sanduku la posta, funguo tukae nazo sisi."

Nikasema ndiyo papo hapo. Nilikuwa nimesoma soma kuhusu kujiwekea seva ya barua pepe. Unachukua Postfix ya kupokea na kutuma, unachukua Dovecot ya kuhifadhi barua ili mtu azisome kwa simu yake, zote ni za bure. Nikadhani ni kazi ya wikendi moja.

Ilinichukua miezi miwili. Nakupa safari yote hapa ili wewe usiirudie.

Kosa la kwanza: lapi chini ya kitanda

Nilianza na lapi kuukuu kwenye faiba ya nyumbani. Kupokea, haipokei. Kutuma, haitumi. Nikabadilisha mipangilio usiku kucha, nikafuta kila kitu, nikaanza upya. Bure kabisa, kwa sababu lapi haikuwa na kosa.

Fungua ukurasa wa rauta yako uangalie anwani ya IP iliyo upande wa nje. Ikiwa inaanza na 100, na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, basi hiyo anwani si yako peke yako. Nyuma yake mko wengi, na mtu wa nje hana njia ya kubisha mlango wako. Juu ya hayo, mitandao mingi ya nyumbani hufunga poti 25, ule mlango ambao seva za barua hupitishiana mzigo. Wanaifunga ili kompyuta zilizoingiliwa na virusi zisimwage spamu. Na hata ikifunguliwa, anwani za nyumbani huwekwa kwenye orodha, kama ile ya Spamhaus, ya anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Utakataliwa kabla hujasema jambo.

Kwa hivyo kabla ya kulaumu programu, hakikisha barabara iko wazi.

Na stima je? Watu wakisikia seva Ukambani wanauliza stima kwanza. Kumbe hilo ndilo dogo. Seva yako ikizimika saa tatu, aliyekutumia barua hapotezi kitu. Seva yake inaiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena. Postfix ukiiacha ilivyokuja hujaribu kwa siku 5. Mfumo huu ni wa zamani, kanuni zake ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati kompyuta kukosa kupatikana ilikuwa jambo la kawaida. Barua pepe ina subira kuliko sisi.

Kosa la pili: kulipa kabla ya kuuliza

Nikahama. Nikakodi seva ndogo Ulaya kwa chini ya elfu moja kwa mwezi. Nikaweka kila kitu, nikatuma barua ya kwanza, kimya. Poti 25 tena! Wakodishaji wengi wa seva huifunga kwa wateja wapya, na baadhi hawaifungui hata ukilia. Wangu walikubali baada ya mimi kuandika ombi na kueleza ni barua za nani na ngapi kwa siku. Wewe uliza swali hilo kabla ya kutoa pesa.

Kosa la tatu: jina kwenye mlango mmoja

Hili ndilo lililotaka kunitoa akili.

Domeni yako inasema: jina hili liko kwenye IP hii. Lakini seva za wakubwa hutaka pia ushahidi wa kinyume: IP hii ni ya jina hili. Rekodi hiyo inaitwa PTR, na haiwekwi kwa aliyekuuzia domeni. Huwekwa na mwenye IP, yaani aliyekukodisha seva. Nilijua hilo, nikaiweka, nikatuma jaribio.

Ikakataliwa. Namba 550, kisha 5.7.25: anwani inayotuma haina PTR.

Nikaangalia. Iko. Nikatuma tena. Haina. Nikangoja kutwa nzima, maana mabadiliko ya DNS huchukua muda kuenea. Haina. Siku ya tatu nilikuwa nimeanza kudhani nimerogwa.

Nilipotulia nikasoma logi neno kwa neno, nikaona. Anwani iliyokuwa inalalamikiwa haikuwa ile niliyoizoea. Ilikuwa ndefu, yenye herufi na nukta pacha katikati. IPv6! Seva yangu ilikuwa na milango miwili ya kutokea, na jina nilikuwa nimeandika kwenye mmoja. Barua zilikuwa zinapitia ule mwingine. Dawa ni kuweka PTR ya IPv6 pia, au kuiambia Postfix itumie ile ya zamani pekee: inet_protocols = ipv4. Mstari mmoja. Siku tatu za maisha yangu.

Ukitoka hapa na jambo moja tu la kiufundi, liwe hili: soma logi yote, usisome neno la kwanza na kukimbia kuuliza watu. Jibu likianza na 4, seva ya pili inasema jaribu baadaye. Likianza na 5, imekataa, na karibu kila mara imekuandikia sababu. Mimi sababu nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Sikuisoma hadi mwisho.

Kosa la nne: muhuri uliokatika

Barua inataka vitambulisho vitatu. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. Weka rekodi moja tu, maana ukiwa nazo mbili zote zinaharibika. DKIM ni muhuri unaogongwa kwenye kila barua, na ufunguo wa kuukagua unauweka kwenye DNS. DMARC inawaambia wapokeaji wafanye nini na barua inayotumia jina lenu bila vitambulisho.

Mimi niliangukia DKIM. Ufunguo wa biti 2048 hauingii kwenye kipande kimoja cha rekodi, kwa sababu kipande kimoja hakizidi herufi 255. Unagawanywa vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama za nukuu. Nilibandika wote kwa mpigo, ukurasa ukaukata mkia bila kuniambia, na kila barua ikaenda na muhuri usiosomeka. Kwa DMARC anza na p=none, uangalie ripoti kwa wiki kadhaa, ndipo ukaze.

Na usifikiri haya ni mapambo. Tangu Februari 2024, Google inataka kila anayeandikia Gmail awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku awe na zote tatu. Yahoo nayo ilikaza masharti wakati huo huo.

Kosa la tano halikuwa kwenye seva

Nilipomaliza nikapima kwa mail-tester. Kumi kwa kumi. Nikafunga lapi, nikaagiza chapo nne, nikawapigia akina mama: tayari.

Barua yao ya kwanza ya maana ilienda kwa duka moja Ujerumani, mteja wao wa siku nyingi. Bei ya vyondo 120. Logi ikasema 250, maana yake imepokewa. Nikawaambia akina mama imefika.

Siku tisa, kimya.

Ile barua ilikuwa kwenye spamu. Namba 250 inasema mlango ulifunguliwa na mzigo ukapokelewa. Haisemi mzigo umewekwa chumba gani. Domeni yetu ilikuwa na umri wa wiki chache, IP yetu haikuwa na historia, na barua ya kwanza kabisa ilikuwa inataja pesa. Ungekuwa wewe mlinzi, ungetushuku pia. Duka lilipotuona kimya, lilinunua kwingine kwa sababu msimu wao ulikuwa unafunga.

Januari ile kuna akina mama watatu waliokwenda shuleni kuomba waongezewe muda wa karo. Mimi niliyeacha chuo kwa ajili ya karo nilijua vizuri hicho kiti wanachokalishwa. Mmoja wao aliniambia, wala hakuwa na hasira, na hapo ndipo nilipoumia zaidi: "Mwanangu, ungetuambia tu tuwapigie simu kwamba tumehama."

Ni kweli. Fundi cherehani akihama kibanda pale Kalundu, anabandika karatasi kwenye mlango wa zamani. Mimi nilijua PTR na DKIM, nikasahau karatasi ya mlangoni.

Sasa si mrudi tu kwa bure?

Rafiki yangu aliniambia hivyo hivyo. "Buda, hiyo vita iliisha zamani. Wakubwa walishinda." Sitamdanganya mtu kwamba amekosea kabisa. Kampuni kubwa zinampima mtumaji kwa sifa, na sifa inajengwa kwa kutuma mara kwa mara kwa muda mrefu. Kikundi kinachotuma barua tatu kwa wiki kitajenga sifa lini? Mdogo anatakiwa athibitishe kila siku kwamba si mwizi. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Ila nikumbushe jambo. Gmail ilianza Aprili 2004. Barua pepe Kenya ni ya zamani kuliko hiyo, na haikuletwa na kampuni kubwa. Mapema miaka ya 1990 shirika la mazingira la ELCI pale Nairobi lilikuwa na kompyuta inayokusanya barua za watu na kuzipeleka kwa laini ya simu hadi London. Mwaka 1991 shirika la posta na simu la wakati huo, KPTC, lilitangaza kwamba kutumia laini zake kwa intaneti hakuruhusiwi. Watu hawakukunja mikono. Kufikia 1995 kituo cha ARCC cha Shem Ochuodho na wenzake kilikuwa kinatoa intaneti kamili. Mwaka 2000 watoa huduma walipojenga KIXP, kituo cha kubadilishana data humu nchini, kikafungwa baada ya wiki chache tu kwa malalamiko ya Telkom. Wakapambana, na mwaka 2002 kikarudi.

Hao walikuwa vijana wa enzi zao, wenye modemu zinazopiga kelele kama kuku. Sisi tumekuta mlango wazi, halafu wote tukaenda kupanga chumba kwenye ploti ya mtu mmoja na kumwachia funguo.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na sitaki uuchukue nusu.

Kwanza, domeni si jambo la kujadili. Kila kikundi, kila shule, kila duka linalojiheshimu liwe na jina lake. Domeni ya .co.ke ni kama elfu moja na kitu kwa mwaka. Domeni ni shamba na seva ni nyumba. Nyumba ikivuja unabomoa, unajenga nyingine, hata unaweza kupangisha kwa muda. Lakini shamba lenye hati kwa jina lenu linabaki. Na hati isomeke jina la kikundi. Isiwe ya katibu, isiwe ya fundi, isiwe yangu.

Pili, kuendesha seva mwenyewe si kwa kila mtu. Ukilipa kampuni ikuhifadhie barua chini ya domeni yako, huna cha kuona haya. Ikikuudhi, unabadilisha rekodi ya MX na barua mpya zinaanza kufika kwingine. Ile uhuru ya kuondoka ndiyo unayoinunua, mengine ni ziada.

Tatu, na hapa ndipo nakaza: lazima wawepo kati yetu wanaoweza. Tukikosa hata mtu mmoja kaunti nzima anayejua barua inasafiri vipi, tutakuwa tunaomba fomu na kujibiwa na mashine hadi kiama. Makueni tuna Konza pale Malili, jiji la teknolojia ambalo Rais Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013, lenye kituo cha taifa cha data. Kitui kuna chuo kikuu cha SEKU pale Kwa Vonza. Kuna vyuo vya ufundi katika kaunti zote mbili. Mimi siombi mnara. Naomba seva chache ndogo, IP safi zenye PTR, na vijana kumi wanaofundishwa kwa kuharibu na kurekebisha. Miezi miwili ya logi ilinifundisha kuliko mihula yote niliyolipia.

Na tusingoje serikali. Ukambani tuna mwethya. Nyanya zetu walichimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga kwa mwethya, leo kwangu, kesho kwako, hakuna aliyekuwa na uwezo wa kufanya peke yake. Kwa nini vikundi kumi vya vyondo, asali, ndengu na maembe visichangie seva moja? Gharama inagawanyika. Zamu ya kulinda inagawanyika, maana kuna mashine za watu huko nje zinazojaribu nenosiri lako mchana na usiku. Na ile sifa ambayo kikundi kimoja hakiwezi kuijenga, kumi wanaotuma barua za kweli kila siku wanaweza. Sharti liwe moja kali: anayemwaga matangazo kwa watu wasiomjua anatolewa, kwa sababu akichafua IP amewachafulia wote.

Kuhusu wale akina mama, hawakunifukuza. Tulianza upya polepole. Barua chache, fupi, kwa watu waliopigiwa simu kwanza, tukiwaomba watutoe kwenye spamu na kutujibu. Baada ya miezi mitatu hivi barua zikaanza kuingia zinapotakiwa. Nenosiri kuu liko kwenye bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mwenyekiti, moja kwa mweka hazina. Domeni ni ya kikundi. Nikigongwa na bodaboda kesho, fundi mwingine ataingia na kuendelea.

Lile duka la Ujerumani limerudi. Mara hii limeagiza vyondo 40. Si 120. Nazihesabu hizo 80 kila nikikaa kwa lapi.

Sasa wewe. Kabla hujalala leo, uliza kwenye grupu ya WhatsApp ya kikundi chenu: laini ya kurejesha akaunti yetu ni ya nani, na bado inashika? Mkikosa jibu ndani ya dakika tano, hata kazi ya PTR iache kwanza. Mtafuteni katibu wa zamani mkiwa bado mnaongea naye.